Chupa Iliyonuka Ukweni

Hebu wekeni simu zenu chini kidogo, wanangu. Najua nyinyi mlioajiriwa juzijuzi kupima maji ya mji wetu mna kijimashine mnachokitumbukiza ndani ya glasi, kikalia tii, mkapata jibu kabla mwenye nyumba hajamaliza kuwaitikia salamu. Mashaallah, nafurahi kweli. Ila msije mkadhani kazi hii ni ya kijimashine. Kazi hii ni ya hodi. Ni ya kujua kuingia kwa watu, kunywa ulichopewa, na kutoka bila kumwacha mtu na donge kooni. Mimi Bi Mwanaisha wa Mkomani nimeifanya mpaka nikastaafu, na leo nataka niwaeleze nilivyokaribia kuivunja harusi ya mwanangu wa kumzaa kwa chupa moja tu. Mkicheka, chekeni. Mimi mwenyewe nikikumbuka hucheka peke yangu jikoni mpaka wajukuu wakaja kunichungulia.

Kwanza mjue kwamba mimi sikusomea maji. Nilikuwa mpiga taipu ofisini, naandika majibu ya watu wanaolalamikia bomba. Aliyekuwa akipima maji ni mkubwa wetu, Bwana Fumo, mtu mfupi, mcheshi, kofia yake imelala upande mmoja sikuzote. Masikini Bwana Fumo alikuwa na balaa lake. Nyumba zetu za Mkomani mnazijua, maji hayakai barazani. Birika, lile tangi la kujengwa la maji, liko ndani kabisa, kwa wanawake. Basi yeye akipiga hodi hukaribishwa dakani, pale ukumbi wa mlangoni, na sanduku lake la chupa, akapewa kahawa, akapewa halua, akaulizwa habari za watoto mmoja mmoja, kisha sauti ikatoka ndani, "Mai yetu ni mazuri, alhamdulillahi." Anarudi ofisini tumbo limejaa na chupa tupu.

Siku moja akaona heri atume. Kwa Bi Zena, nyumba ya pili kutoka msikitini, birika lilikuwa limeota ukijani, akampa mtumishi wa mle ndani dawa ya klorini akaimimine. Akasahau. Mtu wa Amu, kitovu chake kimezikwa hapa hapa Lamu, akasahau kwamba ndani ya birika mna samaki! Nyinyi wa matangi ya plastiki pengine hamjawaona, wale samaki wadogo wanaowekwa birikani wapate kula viluwiluwi vya mbu. Kwa Bi Zena samaki walikuwa na majina. Kabla ya alasiri tukasikia ukemi mtaa mzima: "Fumo! Fumo ameniulia Sultani!" Watu wakadhani kafa mtu. Jirani mmoja alishaanza kuulizia sanda. Bwana Fumo akajifungia chumbani mwake, akanong'ona kwenye tundu la ufunguo, "Mwambie nimesafiri, niko Mokowe." Na Bi Zena akaketi mlangoni petu na marehemu kwenye kisahani, hataki maji, hataki kiti, anamsubiri muuaji arudi kutoka Mokowe.

Kesho yake Bwana Fumo akanijia na uso wa msiba. "Mwanaisha, wacha taipu. Wewe utaingia ndani." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Wengine huajiriwa kwa shahada, mimi niliajiriwa kwa kifo cha samaki.

Akanifundisha, tena vizuri. Nawa mikono kwanza. Usiguse mdomo wa chupa, na kifuniko usikifute kwa nguo yako hata kama umetoka kuifua. Bomba lichome kwa moto wa spiriti, uyaache maji yende kidogo ndipo ukinge. Kisimani chota ya katikati. Ya juu yana takataka na ya chini yana tope. Na usionje, usionje, usionje! Yeye mwenyewe lakini alikuwa haachi kuonja. Anachovya kidole, anafumba mato, "Aah, Mwanaisha, haya matamu," kisha chupa inageuka nyeusi kama wino. Ulimi hauna habari ya vijidudu, wanangu. Yako maji machungu yaliyo salama, na yako matamu yatakayokulaza wodini.

Jingine alilonifundisha halimo kwenye vijimashine vyenu. Ukilijua jibu, usikunje uso. Mwenye nyumba hatazami chupa, anakutazama wewe. Ukikunja uso umemtukana, na birika lake hutaliona tena. Alikuwa akiniambia, "Pima mai, usipime watu." Nilikuwa nalichukulia kama neno lake la mzaha, maana mzaha alikuwa nao mwingi, hata Bi Zena mwishowe alimsamehe akamtumia sahani ya mahamri.

Sasa chupa yenyewe. Zamani zetu, ukienda visiwani ambako hakuna maabara, unachukua vichupa vidogo vyenye dawa ya unga chini yake. Unajaza maji, unakaza kifuniko, unakiweka penye vuguvugu kutwa na kucha. Maji yakibaki na rangi yake, mshukuru Mungu. Yakigeuka meusi, ndani yake pameingia kinyesi, cha mtu au cha mnyama. Na chupa nyeusi usiifungue karibu na watu, kwa sababu hunuka mayai viza. Lile vuguvugu nalo unalipata wapi mashuani? Mwilini mwako! Wanawake wenzangu kifuani hufunga pesa. Mimi nilifunga maji ya watu.

Haya, twende ukweni.

Mwanangu Swaleh alipata mchumba kisiwani Ndau, msichana mzuri, Rukia, mwenye adabu na kicheko. Ndau visima vyake ni chumvi, kwa hivyo watu hutegemea mvua. Wanajenga jabia, yaani birika kubwa la kuzamishwa ardhini, na ubavuni pake sakafu pana ya saruji ya kukusanyia maji ya mvua. Mama yake Rukia, Bi Mwanakombo, alikuwa na jabia lake mwenyewe, na tangu masika alilipiga kufuli, ufunguo kauvaa shingoni. Kisiwa kizima kikijua: haya ni maji ya harusi ya Rukia. Yangepikiwa pilau na chai, sawa, moto hausamehe kijidudu. Lakini yangetengenezewa sharbati pia, mapipa kwa mapipa, ya ukwaju na ya ndimu, ya baridi, isiyopita motoni, inywewe na wenyeji na watoto wao na wageni wa kutoka Faza na Kizingitini.

Tukaenda sisi wanawake wa upande wa bwana harusi, kupeleka begi la bibi harusi. Tulipopanda kutoka pwani, kabla sijamwona mkwe wala mchumba, nikamwona punda. Kasimama juu ya sakafu ya jabia, raha mustarehe, keshafanya shughuli yake kubwa pale pale, ya leo na ya jana, na usiku uliopita ilipita mvua ya rasharasha. Sakafu ilikuwa bado imelowa, na yale maji yalikuwa yameelekea yanakoelekea. Moyo ukanipasuka. Nikajiambia, Mwanaisha, yeo wewe ni mama bwana harusi, si mpima maji. Tazama pembeni. Nikatazama pembeni.

"Karibu mkwe! Karibu Ndau!" Bi Mwanakombo ana sauti ya kuitia mashua. Akavua ufunguo shingoni, akafungua kufuli mbele ya watu wote, akachota, akanikabidhi kata kwa mikono miwili. "Onja mai ya Mungu, mkwe. Hamna haya huko kwenu Amu."

Ningefanyaje? Kata ya mkwe hairudishwi. Nikapiga bismillahi kwa sauti iliyofika msikitini, nikanywa. Yalikuwa matamu, siwafichi. Kisha mkono ukafanya mazoea yake. Nikaomba maji kidogo nitawadhe, nikajitenga nyuma ya ukuta, na kichupa nilichozoea kutembea nacho kikajaa. Wallahi sikukusudia kumkagua mtu. Ni kama mshonaji, hawezi kukaa karibu na uzi uliochomoza asiukate. Nikakifunga kifuani, nikajifunika leso, nikaenda kula.

Siku ya pili, baada ya adhuhuri, ndiyo siku ya kufungua begi. Ukumbi umejaa wanawake mpaka madirishani. Udi unafuka, vigelegele, Rukia kainamisha kichwa ndani ya mtandio, na mimi ndiye mama, mimi ndiye wa kufungua. Nikainama juu ya begi, nikavuta zipu. Zipu ikakwama. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote, na ndani ya nguo yangu nikasikia: puk.

Ya Rabbi. Harufu ikatoka. Si harufu ya kusema labda ni kitu nje. Ilikuwa harufu ya mayai yaliyokufa, yakazikwa, yakafufuliwa. Ilipanda juu ya udi ikaukalia. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Kila mwanamke akamtazama mwenzake, kisha akatazama dari. Mmoja akajifanya anakohoa ili apate kufunika pua. Nikaingiza kidole kwenye leso, nikachungulia. Chupa nyeusi tititi.

Bibi yake Rukia alikuwa ameketi karibu yangu kabisa, mzee sana, mato yamemwisha lakini pua imebaki nzima. Wazee hawana staha nyingi, mnawajua. Akauliza kwa sauti ya wazi, "Nani kajamba?"

Wanangu, hapo ndipo kazi yangu yote ilipojikusanya mbele yangu. Nikisema kweli, ni kusema mbele ya wanawake wa visiwa vitatu kwamba maji aliyoyalinda Bi Mwanakombo tangu masika, ufunguo shingoni, yana mavi ya punda. Nimemvua nguo nyumbani kwake, siku ya binti yake. Harusi ingekufa pale pale, Swaleh angerudi Mkomani kulala peke yake akitazama ukuta, na kila mwenye jabia Ndau angetuonyesha mgongo tukija na chupa zetu. Nikinyamaza, mashaka yatamwangukia yeyote, labda Rukia mwenyewe, na keshokutwa yake sharbati inakorogwa. Watoto wataendesha, na mtoto mdogo akiendesha sana haichukui muda.

Nikainua mkono kama mtoto wa chuo cha Kurani. "Ni mimi, jamani," nikasema. "Nisameheni. Mbaazi."

Kisha ukumbi ukaripuka! Walicheka wale wanawake, mmoja akaanguka juu ya mwenzake, mwingine akatoka nje akilia machozi. Bibi akanipapasa goti, "Pole mwanangu, afadhali imetoka." Hata Rukia, bibi harusi anayetakiwa asiinue uso, mtandio wake ulikuwa unatetemeka. Wenzangu niliokuja nao kutoka Amu walitamani ardhi ipasuke. Mimi nikafungua begi, nikatoa leso moja moja, nikazisifu, jasho linanitiririka na chupa inaendelea kupumua.

Tulipomaliza, Bi Mwanakombo akanishika mkono kwa huruma, akanipeleka uani. "Mkwe, ngoja nikutwangie tangawizi. Tumbo si la kuchezea."

"Mkwe," nikamwambia, "tangawizi tutakunywa. Kwanza twende jabiani, mimi nawe tu."

Pale nikatoa chupa. Sikukunja uso. Akaitazama, hakuelewa, nikaisogeza puani pake, akaruka nyuma. "Hiyo ndiyo harufu!"

"Ndiyo. Na haya ndiyo maji uliyonipa jana nitawadhe."

Aligeuka rangi. Kwanza alikasirika, na alikuwa na haki yake. "Umekuja kuoza au umekuja kunikagua? Mai haya nimeyalinda kama mato yangu!"

"Umeyalinda na watu," nikasema. "Punda hakuona kufuli." Nikamwonyesha sakafu, ushahidi ulikuwa bado upo, mkavu sasa, lakini upo.

Akautazama. Kisha akanitazama mimi. "Kwa hivyo wewe hukujamba?"

"Sikujamba, mkwe."

"Na ukasema umejamba. Mbele ya wanawake wote wale."

"Ningesema nini?"

Midomo ikaanza kumcheza. Nikajua anataka kulia, nikajiandaa kumbembeleza, kumbe ni kicheko. Alicheka akaketi chini. Nami nikaketi. Tulicheka wakwe wawili, watu wazima, juu ya sakafu ya jabia, mpaka mbavu zikauma, kila mmoja akijaribu kunyamaza mwenzake anasema "mbaazi" tunaanza upya. Tangu siku ile nampenda mwanamke yule kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Kisha tukafanya kazi. Punda akafukuzwa, sakafu ikasuguliwa, tukaizungushia wavu wa zamani wa baba yake Rukia. Jabia lenyewe hatukulitia dawa, kwa sababu ndani mlikuwa na samaki na mimi nilikuwa nimeshatosheka na misiba ya samaki; tulikubaliana lioshwe baada ya harusi. Maji ya sharbati na ya kunywa tukayachota tukayatia kwenye mapipa, nikaenda zahanati ya kisiwani nikaomba unga wa klorini, nikapima dozi kwa ukubwa wa pipa. Hapo mkwe akaingiwa na hofu nyingine. "Yatanuka hospitali, Mwanaisha. Watu watasema nimewanywesha dawa harusini."

Kila mtu wa pwani atawaambia neno hilo, kwa hivyo lijueni jibu lake. Dozi ikiwa ya haki, yakae muda wake kwanza, kisha fungua kifuniko, funika kitambaa tu, upepo uchukue harufu. Lililobaki alilimaliza yeye mwenyewe, kwa ujuzi wa nyanya zake. Akaleta mitungi, akaifukiza ubani, mtungi umepinduliwa juu ya chetezo mpaka ukashiba moshi, ndipo tukayamimina. Akaonja. Akaonja tena. "Yanuka harusi," akasema, na uso wake ukakunjuka.

Siku ya harusi ikafika, na mimi jina langu lilishafika kabla yangu. Watoto waliniamkia, "Shikamoo Bi Mbaazi." Nikaitikia marahaba, nifanyeje? Wanawake wakapiga vugo, zile pembe zikigongwa mpaka mifupa inacheza, na ni ada yetu pale kuwatania wakwe kwa nyimbo. Nikajua zamu yangu haiko mbali. Mwimbaji wao, mwembamba mwenye ulimi, akaja akasimama mbele yangu:

"Mkwe katujia, begi kachukua,
Alipofungua, tukashika pua!"

Ukumbi ukavuma. Nikainuka nikacheza, na pua nimeishika mwenyewe, maana ukitaniwa na ukanuna umekwisha. Glasi za sharbati zilikuwa mikononi mwa kila mtu. Waliimba mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara nilimwona Bi Mwanakombo, kule mlangoni, anapunguza kicheko. Mara ya nne hakucheka kabisa. Akapita katikati ya watu, akamnyang'anya mwimbaji pembe. Nikamtikisia kichwa: mkwe, usifanye. Hakunitazama. Akagonga, sauti yake ile ya kuitia mashua ikatoka:

"Mwamsema mkwe, mkwe mwamwonea,
Yalonuka mai, mai ya jabia,
Aibu ni yangu, kanichukulia!"

Pembe zote zikanyamaza. Wanawake wakatazama glasi zao kama wameshika nyoka.

"Kunyweni," akasema, "haya tumeyatia dawa, mimi na yeye. Lakini jabia langu liliingia uchafu wa punda, nami sikujua, na nilikuwa nikijisifu kwenu tangu masika. Mkwe wangu alijua, akajivisha aibu yangu yeye mwenyewe, nisivuliwe nguo mbele yenu. Hakujamba. Aliyejamba ni jabia." Akachukua glasi iliyo karibu, akainywa yote mbele yao, akaipindua tone lisianguke.

Sikuweza kucheza tena. Nililia, wanangu, nikalia kwa sauti, na walioniita Bi Mbaazi wakaja kunifuta uso kwa leso zao. Kisha mmoja akainua glasi akanywa, na mwingine, na pembe zikarudi kwa kishindo ambacho sijakisikia tena maishani. Hakuna aliyeugua, si mtoto si mtu mzima.

Asubuhi tuliyokuwa tunaondoka, nilifika ufukweni nikakuta msongamano. Nikadhani wamekuja kutuaga. Kila mwanamke alikuwa na chombo: huyu chupa ya soda, huyu thamosi, huyu jagi lililofunikwa sahani. Wale wale ambao miaka na miaka tulikuwa tukipiga hodi kwao tunapewa kahawa. "Bi Mwanaisha, na letu." "Na langu, Bi, nalo lina sakafu wazi." "Hata langu njoo ulitazame, usiogope kusema." Nahodha akapiga kelele kwamba maji yanakupwa, kama twapanda tupande.

Katikati yao akatokea bibi yake Rukia, kashikwa mkono, anapapasa ndia kwa fimbo. Akanitafuta kwa mkono mpaka akanipata bega, akanitilia kiganjani kichupa chake cha marashi, kimejaa maji mpaka shingoni. Nikajua hakifai, mabaki ya marashi yataharibu kipimo, itabidi nikachote mwenyewe. Akanisogelea sikioni, ila sauti yake wote waliisikia.

"Mwanangu, nipimie na langu. Nahisi nalo lajamba."

Nikamwambia nahodha ende zake.